Panya ndani ya nyumba ya kijijini: ziba kwanza, tega baadaye, sumu iwe ya mwisho

Watu wengi wakisikia mbio za panya darini usiku, asubuhi yake wanatafuta sumu. Sumu itaua wawili watatu, nyumba itanuka wiki nzima, na baada ya muda mfupi mbio zinaanza tena. Hilo si la kushangaza. Nyumba ya kijijini imezungukwa na mashamba, vichaka na mabanda ya mifugo, na huko nje panya hawana idadi. Ukiua waliomo ndani ukaacha tundu lilelile na chakula kilekile, umewapangishia wengine tu.

Na hao wengine hawachelewi. Panya mdogo wa nyumbani hubeba mimba kwa siku 19 hadi 21, huzaa watoto watano au sita kwa mkupuo, na watoto hao nao huweza kuzaa wakiwa na umri wa wiki sita hadi nane. Huwezi kushindana na kasi hiyo kwa kuua peke yake. Unachoweza ni kuifanya nyumba isiingilike na isiwe na cha kuliwa. Kazi kubwa, basi, iko kwenye kuziba, na huko ndiko tutakakokaa zaidi.

Hatua ya 1: Mjue anayekusumbua

Panya wanaozoea kuishi na watu karibu kila mahali duniani ni wa aina tatu, na kila mmoja ana tabia yake.

Yupo panya mdogo wa nyumbani, mwenye masikio makubwa kuliko kichwa chake kinavyostahili. Hupiga kambi karibu sana na chakula, mara nyingi ndani ya mita chache, na anaweza kuishi kwa maji machache mno. Ni mdadisi: ukiweka kitu kipya atakwenda kukinusa. Yupo panya wa paa, mwembamba, mkia mrefu kuliko mwili, hodari wa kupanda kamba, miti na kuta zenye mikwaruzo. Huyu ndiye wa darini. Na yupo panya wa kahawia, mzito, mkia mfupi kuliko mwili, mchimbaji wa mashimo kando ya msingi na chini ya kuni. Huyu anaogelea vizuri na hupita hata kwenye mabomba ya maji machafu. Hawa wawili wakubwa wanakunywa maji kila siku, na wanaogopa kitu kigeni. Hofu hiyo ndiyo inayofanya mitego mingi ikae siku kadhaa bila kuguswa.

Kama hujawaona kwa macho, tazama kinyesi. Cha panya mdogo kina urefu wa milimita 3 hadi 6, kama punje ya mchele yenye ncha. Cha panya wa paa ni milimita 12 hivi, kimepinda, ncha zimechongoka. Cha panya wa kahawia kinakaribia milimita 20 na ncha zake ni butu. Kinyesi kibichi huwa cheusi na laini. Cha zamani kimekauka na kupauka.

Kisha tafuta njia zao. Panya hatembei katikati ya chumba akiweza kuepuka. Hufuata ukuta, njia ileile kila usiku, na manyoya yake huacha alama nyeusi ya mafuta kwenye kona, boriti na midomo ya matundu. Pasipo na alama, nyunyiza majivu laini au unga kidogo kando ya ukuta jioni, usome nyayo asubuhi. Shimo la nje likikutia shaka, lizibe kwa karatasi iliyokunjwa bila kukaza. Kesho yake ukikuta imesukumwa, mwenyewe yumo.

Ukaguzi mmoja usiuruke: mchana wa jua kali, funga milango na madirisha, zima taa, simama ndani uangalie mwanga unaingilia wapi. Fanya hivyo chumba kwa chumba, ukiinua macho hadi pale ukuta unapokutana na paa. Kila unapouona mwanga, weka alama kwa chaki.

Hatua ya 2: Ondoa chakula cha usiku

Hapa hakuna ujanja mwingi. Nafaka, unga, karanga na maharage viingie kwenye vyombo vya chuma, kioo au plastiki nene vyenye mifuniko inayobana. Gunia na mfuko wa nailoni haviwazuii hata dakika moja. Vyombo vioshwe kabla ya kulala, makombo yafagiliwe, ndoo ya taka ifunikwe au itolewe nje.

Sehemu inayosahaulika ni chakula cha mifugo. Unaweza kuwa na jiko safi kabisa, lakini pumba zikibaki kwenye kihori cha kuku usiku kucha, unafuga kuku mchana na panya usiku. Lisha kiasi kinachoisha kabla ya jioni, kisha ondoa vyombo. Okota mayai kila siku. Bakuli la mbwa nalo, pamoja na maji yake, lisilale nje. Bomba linalovuja na dimbwi chini ya pipa vinastahili kurekebishwa, maana panya wakubwa hawaendi mbali na maji.

Hatua ya 3: Ziba

Shika vipimo viwili. Penye uwazi wa milimita 6, panya mdogo anapita. Penye milimita 12, panya wa aina kubwa ambaye bado ni mchanga anapita. Kalamu ya risasi ni kipimo kizuri: ikipenya kwenye tundu, lihesabu kuwa mlango.

Meno ya mbele ya panya hayaachi kukua, kwa hiyo kuguguna kwake ni lazima, si uchokozi. Huguguna mbao, plastiki, mpira, udongo uliokauka, hata bati laini la alumini na saruji isiyokomaa. Usimzibie kwa matambara, karatasi au povu la dukani la kuzibia nyufa; atalipasua na pengine atalitumia kutandikia watoto. Vinavyomshinda ni wavu wa chuma, bati la chuma, kioo, na saruji iliyokomaa.

Kwa tundu dogo ukutani, sokomeza kwanza waya wa kusugulia sufuria mpaka ukaze, kisha pigia saruji juu yake. Waya una kazi: saruji mbichi peke yake inaweza kuchimbwa usiku uleule, lakini akikutana na nyuzi za chuma anaacha. Ukipata waya usioshika kutu ni bora zaidi, hasa upande wa nje unaopigwa na mvua. Kwa tundu kubwa, kata kipande cha wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 6, kipigilie kwa misumari, ndipo upake saruji.

Mlango unahitaji subira zaidi. Pengo la chini ndilo njia kuu katika nyumba nyingi, na kwa kuwa tumelizoea hatulioni. Inua kizingiti kwa saruji au ongeza ubao mpaka pengo liwe chini ya milimita 6. Kisha funika sehemu ya chini ya mlango wa mbao kwa bati la chuma, kimo cha sentimita 30 hivi, likizunguka na ukingo wa chini pamoja na miimo. Bila bati, ubao mpya utagugunwa kona moja, na kona moja inamtosha.

Madirisha na matundu ya hewa yawekwe wavu wa chuma uleule. Chandarua cha kuzuia mbu si kizuizi kwa panya, anakikata. Usizibe matundu ya hewa kwa saruji ili kujiepusha na kazi, kwa sababu nyumba isiyopumua ina maradhi yake.

Pale ukuta unapokutana na paa ndipo panya wa paa anapoingilia. Kwenye paa la mabati, mikunjo ya bati huacha nafasi juu ya ukuta, moja baada ya nyingine, kuzunguka nyumba nzima. Jaza kila moja kwa saruji iliyoshikwa na wavu, au pigilia ukanda wa wavu kuanzia ukutani mpaka chini ya bati. Ni kazi ya kuchosha shingo na itakula siku nzima au zaidi. Ukiziba nafasi thelathini ukaacha moja, hiyo moja ndiyo itakayotumika.

Paa la nyasi ni habari nyingine. Ukweli ni kwamba huwezi kulifunga kabisa; ni nyumba na ngazi kwa wakati mmoja. Tandaza wavu chini ya nyasi kama uwezo upo. Kama haupo, weka nguvu zako kwenye chakula kilichofungwa vizuri na dari isiyo na nafasi, uwaache wa nyasi wasiwe na sababu ya kushuka.

Mabomba na nyaya zinazopenya ukutani huwa zimeachiwa matundu makubwa kuliko zenyewe: zungushia bati au wavu, kisha saruji. Bomba la kutolea maji machafu liwe na kifuniko cha chuma chenye matundu madogo. Angalia pia kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa kwenye kenchi. Kwa panya wa paa, hilo ni daraja.

Msingi ukichimbwa, hasa wa nyumba ya udongo, chimba mtaro kando ya ukuta kina cha sentimita 60, shusha wavu wa chuma, na ukunje sehemu ya chini kuelekea nje kwa sentimita 30. Panya huchimba akikumbatia ukuta. Akifika kwenye wavu uliolala, hana akili ya kurudi nyuma aanzie mbali.

Kuhusu waliomo ndani wakati unaziba: ziba tu, lakini usiku huohuo mitego iwe imewekwa. Waliofungiwa watakuwa na njaa, na njaa huwapunguzia woga.

Hatua ya 4: Uwanja unaozunguka nyumba

Acha ukanda mtupu wa mita moja kuzunguka kuta zote, bila majani marefu, matofali wala vyuma chakavu. Panya hapendi kuvuka uwazi. Kuni zipangwe mbali na nyumba, juu ya kichanja cha sentimita 30 au zaidi kutoka ardhini, ili paka na macho yako vipite chini yake. Matawi ya miti yakatwe yabaki umbali wa mita 2 kutoka paani. Shimo la taka lifukiwe kidogo kidogo kila unapotupa mabaki ya chakula.

Hatua ya 5: Ghala

Panya ghalani haishii kula tu. Anakojoa, anaacha manyoya na kinyesi, na mara nyingi kinachoharibika kwa uchafu ni kingi kuliko kilichoingia tumboni mwake.

Ghala lililoinuliwa juu ya nguzo lisimame angalau mita moja kutoka ardhini, kwa kuwa panya mkubwa anaweza kuruka juu zaidi ya nusu mita bila shida. Kila nguzo ivalishwe sahani au koni ya bati yenye mdomo mpana kuelekea chini, itokeze sentimita 25 pande zote, na ikae juu karibu na sakafu ya ghala. Koni ikiwekwa chini, panya anairuka. Isiwe na pengo kati yake na nguzo.

Halafu koni zote hizo hazina maana kama ngazi imeegemezwa ghalani usiku. Ngazi iondolewe, jembe lisiegemezwe, na mti usiwe karibu. Nimeona maghala yaliyotengenezwa kwa ustadi yakishindwa kwa sababu ya mti mmoja wa kupandia uliosahauliwa.

Kama unahifadhi magunia chumbani, yapange juu ya chaga, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita akizunguka. Rundo lililogusa ukuta linawapa panya ushoroba usioonekana, na hutajua mpaka gunia la chini libaki tupu. Bora zaidi ni pipa la chuma au silo ya chuma yenye mfuniko unaobana. Nafaka iwe imekauka vizuri kabla ya kufungiwa humo. Kwa mahindi, unyevu wa asilimia 13 au chini yake. La sivyo utawakosesha panya na kuwapa ukungu.

Hatua ya 6: Mitego

Mtego wa kubana kwa springi bado unashinda vitu vingi vipya. Uweke pembeni ya ukuta, ukielekeza sehemu ya chambo ukutani, ili panya anayepita aikute mbele yake. Weka mingi kwa pamoja: kwa panya wadogo, kila mita 2 au 3 kwenye njia uliyosoma kwa majivu. Mtego mmoja katikati ya chumba ni mapambo.

Chambo kiwe kidogo na kikazwe, hata kwa kukifunga kwa uzi, ili asikinyakue na kwenda zake. Siagi ya karanga inafaa kwa kuwa inanata. Kipande cha pamba au nyuzi pia hufanya kazi, maana jike anatafuta vya kutandikia.

Kwa panya wakubwa, tumia udhaifu wao. Weka mitego yenye chambo bila kuitega kwa siku kadhaa. Wakishazoea kula hapo, tega yote usiku mmoja. Kagua kila asubuhi, shika kwa glavu, zika au choma mizoga. Mitego ifunikwe kwa sanduku lenye matundu mawili pale penye watoto au kuku.

Mtego wa gundi siupendekezi. Mnyama hufa polepole kwa saa nyingi akikojoa na kuhangaika, na wewe ndiye utakayemshika akiwa hai. Vifaa vya sauti visivyosikika kwa binadamu navyo, panya huvizoea, na samani huizuia sauti. Pesa hiyo inunulie wavu.

Na paka? Anasaidia kwa panya wadogo na kwa wachanga. Kwa panya mkubwa aliyekomaa, paka wengi hujiheshimu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliofuatilia kwa kamera panya wa kituo cha taka huko Brooklyn, New York, ulirekodi paka wakiua panya wawili tu katika siku 79. Panya walichofanya zaidi ni kujificha, na ukiwa huwaoni unadhani wamekwisha. Bundi ni mwindaji bora kwa shamba linalozunguka nyumba. Akikaa kwenye mti wako, mwache.

Hatua ya 7: Ukilazimika kutumia sumu

Yapo mazingira ambamo panya wamezidi na mitego haitoshi. Sumu nyingi za dukani huzuia damu kuganda. Panya hufa baada ya siku tatu hadi saba, mara nyingi ndani ya ukuta au darini, ndiyo maana ya ile harufu. Paka, mbwa au bundi akila panya huyo, naye anaweza kudhurika. Aina nyingine, ya fosfidi ya zinki, hutoa gesi ya sumu ikishafika tumboni, na haina dawa ya kuizima.

Nunua ile tu yenye lebo kamili ya kiambata chake. Pakiti ndogo isiyo na jina, hata kama muuzaji anaisifu kuwa inaua papo hapo, iache. Usichanganye dawa ya kuulia wadudu wa shambani na chakula. Hivyo ndivyo watoto wanavyokufa. Sumu iwekwe ndani ya sanduku lililofungwa na kukazwa mahali pake, kamwe si juu ya sakafu wala karibu na nafaka. Mtu akiila, mkimbize hospitali pamoja na pakiti yake, kwa sababu tiba inategemea aina: zile za kuzuia damu kuganda hutibiwa kwa vitamini K1, hizo nyingine haziguswi nayo.

Hatua ya 8: Kusafisha walipokuwa

Usifagie kinyesi kikavu wala kukung'uta magunia ndani. Virusi vya hanta huingia kwa kuvuta vumbi la mkojo na kinyesi, na leptospirosi, ugonjwa wa bakteria, husambazwa na mkojo wa panya kupitia maji, matope na michubuko ya ngozi. Fungua milango na madirisha, ondoka kwa dakika 30. Vaa glavu, na barakoa kama ipo. Changanya dawa ya klorini ya kufulia sehemu moja na maji sehemu tisa, siku hiyohiyo ya kuitumia, lowanisha kinyesi na viota, subiri dakika tano, kisha futa kwa tambara na ulitupe. Osha mikono kwa sabuni baada ya kuvua glavu.

Baada ya hapo, kazi inayobaki ni ya kurudia. Rudia ukaguzi wa mwanga na majivu mashamba yanapovunwa, kwani chakula cha nje kikiisha panya huhamia majumbani, na tena mvua au baridi inapoanza. Majirani wakiweza kuziba na kutega wiki moja na wewe, utakaa muda mrefu zaidi bila wageni. Panya mkubwa hutembea makumi ya mita kwa usiku mmoja na hajui mpaka wa kiwanja.

Jambo la mwisho ni la dharura. Ukikuta panya wengi wamekufa ndani au karibu na nyumba na hakuna aliyeweka sumu, usiwashike wala kuwafagia. Tauni huua panya kabla haijafika kwa watu, na viroboto huuacha mzoga uliopoa kutafuta damu nyingine. Watoe watoto hapo, wafungie mbwa na paka, na utoe taarifa kituo cha afya siku hiyohiyo.